Kabla ya kumlaumu Nora, tusome hati ya deni

Katika kumbi za makanisa na za shule huko Uingereza na Marekani, vikundi vya waigizaji wa ridhaa haviishi kuirudia tamthilia ya Henrik Ibsen, Nyumba ya Mwanasesere. Mwalimu anaigiza mume, karani mstaafu anaigiza daktari wa familia, na mishumaa ya mti wa Krismasi imeazimwa kwa jirani. Sababu za kuichagua ni za mfuko kabla hazijawa za sanaa: wahusika wakubwa ni watano, mandhari ni sebule moja toka mwanzo hadi mwisho, na Ibsen alifariki 1906, kwa hiyo maandishi yake ya asili hayadaiwi mirabaha. Tafsiri mpya hulipiwa, ila ile ya William Archer, aliyefariki 1924, ni ya bure. Pazia likishafungwa, watazamaji hutoka wakibishana jambo lile lile: mwanamke mwenye akili zake, kama Nora wa tamthilia hii, amewaachaje mume na watoto watatu?

Ni ubishi mtamu, na sisemi watu wauache. Ila mara nyingi unaendeshwa kana kwamba Nora na mumewe Torvald ni wanandoa wa leo waliokosana, mmoja akabeba begi akaenda kwao. Mke wa Ulaya ya miaka ya 1870 alikuwa amefungwa na ndoa kwa namna ambayo mtazamaji haioni jukwaani, kwa sababu haikai kwenye samani wala kwenye mavazi. Inakaa kwenye sheria. Ukishaijua, hadithi yenyewe inabadilika mbele ya macho yako: unaacha kutazama mapenzi yaliyochacha na unaanza kuifuatilia karatasi moja yenye sahihi.

Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Mwanzoni mwa ndoa yao Torvald Helmer aliugua, na madaktari wakasema asipopelekwa nchi za joto hatapona. Fedha hazikuwepo. Nora akakopa kroner 4,800 kwa mtu aitwaye Krogstad, akampeleka mumewe Italia, akamwambia kwamba hela imetoka kwa baba mkwe. Krogstad alikuwa ametaka baba huyo aweke sahihi kama mdhamini. Mzee alikuwa kitandani akikata roho, na Nora hakutaka kumsumbua, kwa hiyo akaiandika sahihi yeye mwenyewe. Kosa lake lilikuwa dogo na la kijinga: baba alifariki tarehe 29 Septemba, na sahihi yake ikaonyesha 2 Oktoba. Marehemu ametia sahihi siku tatu baada ya kufa.

Kwa nini mdhamini alihitajika? Rafiki yake Nora, Bi Linde, analijibu hilo mapema kabisa bila kujua uzito wa maneno yake: mke hawezi kukopa bila idhini ya mumewe. Mtazamaji wa leo huipita sentensi hiyo kama gumzo la marafiki wawili wanaokunywa chai. Mtazamaji wa 1879 aliielewa mara moja. Norwei, nchi ya Ibsen, ilikuwa imempa mwanamke asiyeolewa utu uzima kamili wa kisheria tangu 1863, akitimiza miaka 25. Aliyeolewa alisubiri hadi 1888, miaka tisa baada ya Nora kupanda jukwaani kwa mara ya kwanza huko Copenhagen. Maana yake ni kwamba binti wa miaka 26 angeweza kukopa, akaolewa Jumamosi, na Jumatatu asiweze tena.

Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, ilikuwa na fundo lake, na lilikazwa zaidi. Mwanasheria William Blackstone alishaliandika 1765: kwa ndoa, mume na mke huwa mtu mmoja mbele ya sheria, na nafsi ya kisheria ya mwanamke husimamishwa muda wote ndoa inapodumu. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni lugha ya kiroho. Ilikuwa lugha ya mali. Mshahara wa mke ulikuwa wa mume. Fedha alizokuja nazo, vito, vyombo, hata urithi wa pesa taslimu ulioingia baada ya harusi, vyote vya mume. Ardhi ilibaki kwa jina la mke, lakini kodi zake alizikusanya mume. Mke hakuweza kufanya mkataba kwa jina lake, kushitaki wala kushitakiwa peke yake.

Matajiri walikuwa na mlango wa nyuma. Kabla ya harusi, baba wa binti alikwenda kwa mawakili akaiweka mali ya mwanawe chini ya wadhamini, na mahakama maalum zikailinda dhidi ya mkwe. Gharama zake hazikuwa za mshona nguo wala mfua nguo. Wanawake hao, waliokuwa wakifanya kazi kweli kweli, ndio walioachwa bila kinga. Na mjane, au yule ambaye hakuolewa kabisa, alikuwa na haki zake zote za mali. Uingereza ilimheshimu mke kuliko mwanamke yeyote mwingine, halafu ikampa haki chache kuliko wote.

Kuna kisa cha Millicent Fawcett ambacho ningemshauri kila mwongozaji awasimulie waigizaji wake siku ya kwanza ya mazoezi. Bi Fawcett, ambaye baadaye aliongoza harakati za kudai kura, alichomolewa pochi katika stesheni ya treni London. Mwizi akakamatwa. Mahakamani akasikia shitaka likisomwa: mtuhumiwa ameiba kutoka mwilini mwa Millicent Fawcett pochi ambayo ni mali ya Henry Fawcett. Henry ni mumewe. Alisema alijiona kana kwamba yeye ndiye aliyeshitakiwa kwa wizi.

Msomaji wa pwani yetu hapa huenda ameshangaa, na ana haki. Katika sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake kabla ya ndoa na ndani ya ndoa. Mahari ni yake. Anauza, ananunua na anadai bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwaka 1856 Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alipofariki, binti yake Salme, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Emily Ruete, alitangazwa mtu mzima akiwa na umri wa miaka 12, akakabidhiwa urithi wake: shamba lenye nyumba pamoja na fedha taslimu. Mwaka huo huo wa 1856, huko London, Barbara Leigh Smith na wenzake walikuwa wakipeleka bungeni maombi yenye sahihi za maelfu ya wanawake, wakiwemo waandishi mashuhuri, wakiomba mke aruhusiwe kuwa na mali. Sitaki kuipamba Zanzibar. Shamba la Salme lililimwa na watumwa, na kati ya kitabu cha fiqhi na yanayotendeka majumbani pana umbali. Lakini ile hadithi kwamba haki ya mke kumiliki mali ilisafiri kwa meli kutoka Ulaya kuja huku, kwa jambo hili, inakwenda kinyumenyume.

Maombi ya 1856 hayakuzaa matunda upesi. Sheria ya 1870 ilimwachia mke mshahara wake na urithi mdogo wa fedha, usiozidi pauni 200. Ile kubwa, Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa, ilipitishwa 1882 na kuanza kazi Januari 1883. Kuanzia hapo mke wa Uingereza alikuwa na mali yake kama asiyeolewa. Ikumbuke sheria hii. Tutakutana nayo tena mahali ambapo Victoria hakuwahi kukanyaga.

Mali ni rahisi kuieleza. Watoto ni kisa kigumu zaidi, na ndicho kinachowaumiza watazamaji wa Nora.

Caroline Norton alikuwa mwandishi, mke wa wakili na mbunge mkorofi aliyekuwa akimpiga. Mwaka 1836 walitengana. Mume aliwachukua wavulana wao watatu akawapeleka mbali, na sheria ikawa upande wake moja kwa moja, kwa sababu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa alikuwa wa baba. Mama hakuwa na hata haki ya kumwona. Mume huyo huyo alimshitaki Waziri Mkuu, Lord Melbourne, kwa kuzini na mkewe, akashindwa; watoto hakuwarudisha. Hata fedha za vitabu alivyoandika Caroline zilikuwa za mumewe kisheria. Akaishika kalamu, akaandika kijitabu baada ya kijitabu, na 1839 Bunge likapitisha sheria iliyomruhusu mama kuomba mahakamani alee mtoto hadi miaka saba na kumtembelea mkubwa zaidi ya hapo, mradi asiwe amethibitika kuzini. Ni ushindi mkubwa ukiupima kwa kilichokuwepo. Mwanawe mdogo alifariki 1842 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi, akiwa chini ya ulinzi wa baba.

Sasa rudi kwa Nora. Torvald anapoisoma barua ya Krogstad inayofichua mkopo na sahihi ile ya kughushi, jambo la kwanza analolitamka, baada ya matusi, ni kwamba Nora atabaki nyumbani ili watu wasiseme, ila watoto hataruhusiwa tena kuwalea. Nora bado hajasema neno la kuondoka. Watoto ameshanyang'anywa kwa sentensi moja, na mumewe hakuhitaji jaji. Dakika chache baadaye barua ya pili ya Krogstad inakuja ikiirudisha hati ya deni, hatari imepita, Torvald anamsamehe na kumrudishia kila kitu kwa ulaini ule ule aliokitwalia. Kwa macho yangu hapo ndipo Nora anapoondoka. Mlango anaoufunga nyuma yake unakuja baadaye tu. Ameona kwamba umama wake ulikuwa wa kuazimwa.

Na mwili? Bunge la Uingereza lilianzisha talaka ya mahakama ya kiraia mwaka 1857, kwa mizani yenye jiwe upande mmoja: mume alithibitisha zinaa ya mke, basi, mke alitakiwa kuthibitisha zinaa pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Ilibaki hivyo hadi 1923. Asiyeweza kupata talaka alibaki mke, na wengi waliamini mume ana haki ya kumfungia. Jumapili ya tarehe 8 Machi 1891, katika mji mdogo wa Clitheroe kaskazini mwa Uingereza, Emily Jackson alikuwa akitoka kanisani. Mumewe, ambaye Emily alikataa kuishi naye, alimkamata akiwa na wasaidizi, wakamsukumia ndani ya gari la farasi, wakaenda kumfungia katika nyumba mji wa Blackburn. Mahakama ya chini ikaona hakuna ubaya. Mahakama ya Rufani ikaamua, siku chache baadaye, kwamba mume hana mamlaka ya kumfunga mkewe, na Emily akaachiwa. Magazeti yalipiga kelele kwamba ndoa ya Kiingereza imefutwa.

Kisa hiki kilitokea chini ya miaka miwili baada ya London kumwona Nora kamili kwa mara ya kwanza. Nasema kamili kwa sababu alikuja kwanza akiwa amekatwa makali. Mwaka 1880 mwigizaji maarufu wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kuigiza mwisho ule akidai yeye asingewaacha wanawe kamwe. Kazi za Kinorwei hazikuwa na ulinzi wa hakimiliki Ujerumani, na Ibsen alijua kwamba asipobadilisha mwenyewe watambadilishia wengine. Akaandika mwisho mwingine: Nora anaburutwa hadi kwenye mlango wa chumba cha watoto, anaanguka, habanduki. Baadaye aliuita ukatili wa kishenzi dhidi ya tamthilia yake. London nayo, mwaka 1884, ilitengenezewa toleo ambamo mume anajitwika kosa la mkewe kishujaa na mke anabaki akishukuru. Wakosoaji wakaridhika, watu wakala chakula chao cha usiku kwa amani.

Waliolichukua suala hili kwa uzito walikuwa watu wasio na ukumbi. Tarehe 15 Januari 1886, katika vyumba vya kupanga karibu na Jumba la Makumbusho la Uingereza, Eleanor Marx, binti wa Karl, aliwaalika marafiki wasome tamthilia nzima kwa sauti, kila mtu na nafasi yake. Eleanor alikuwa Nora. George Bernard Shaw, akiwa bado kijana asiyejulikana sana, alikuwa Krogstad. Torvald aliigizwa na Edward Aveling, mwanamume aliyeishi na Eleanor bila ndoa kwa sababu alikuwa na mke mwingine kisheria. Michezo ya hadharani ilihitaji kibali cha afisa wa kasri, utaratibu uliodumu hadi 1968; sebule haikuhitaji. Kikundi cha ridhaa cha leo kinachofanya mazoezi Jumanne jioni baada ya kazi kiko karibu zaidi na usiku ule kuliko na jumba lolote kubwa la London. Waigizaji wa kulipwa walifuata Juni 1889, Janet Achurch akiwa Nora, na hata yeye na mumewe ilibidi wachukue malipo ya mapema ya safari ya kuigiza Australia ndipo wapate mtaji. Mchezo kuhusu deni ulipanda jukwaani kwa deni.

Katika kuandaa, vikundi vidogo hukosea mambo mawili ambayo yana bei nafuu kuyarekebisha. La kwanza ni gauni. Watu wakisikia zama za Victoria huenda kuazima masketi mapana yenye pete za chuma ndani. Hayo yalikuwa yamekwisha kabla ya 1870. Mwaka 1879 mtindo ulikuwa sketi nyembamba iliyobana hadi magotini, mkia ukiburuta nyuma, na kiwiliwili kikibanwa na koseti, vazi la ndani la kukaza kiuno. Mwanamke alitembea hatua fupi fupi akipumua kwa juu. Mwigizaji anayeivaa koseti siku ya onyesho tu ataishiwa pumzi katikati ya tarantela, ngoma ya kasi ya Kiitalia anayoicheza Nora. Anayefanya nayo mazoezi wiki kadhaa hahitaji kuelezwa Nora alijisikiaje. La pili ni mlango wenyewe. Ibsen ameandika kwamba sauti ya lango kufungwa isikike kutoka chini, na wengi huiweka kwenye spika, ikatoka juu ya vichwa vya watu kama radi ya sinema. Fremu ya mbao nzito yenye kitasa cha kweli, ikibamizwa nyuma ya pazia na mtu mwenye mikono, inatosha.

Kubwa kuliko hayo ni nani anapewa Bi Linde. Kawaida nafasi hiyo hupewa yeyote aliyebaki, eti ni ya kuuliza maswali ili Nora ajibu. Mimi naona yeye ndiye uhuru wenyewe, ukiwa umeshavaliwa hadi umechakaa. Aliolewa na mtu asiyempenda ili amlishe mama mgonjwa na wadogo zake wawili. Mume akafa bila kuacha mali wala mtoto. Akafungua duka dogo, akafundisha, akafanya kila kibarua. Hana bwana na hana pa kuegemea. Nora anapojisifu kwamba msimu wa baridi uliopita alijifungia usiku akinakili nyaraka za watu kwa malipo, na kwamba ilikuwa raha, kana kwamba yeye ni mwanamume, Linde hacheki. Na yupo yaya, Anne-Marie, mwenye mistari michache tu. Nora anamuuliza aliwezaje kumpa binti yake mwenyewe kwa watu baki alelewe. Yaya anajibu kwamba hakuwa na njia, akipewa nafasi nzuri kama ile ya kumnyonyesha Nora. Mama mwingine, basi, amemwacha mtoto ndani ya nyumba ile ile, na hakuna mtazamaji anayetoka ukumbini akimbishania. Alikuwa maskini, kwa hiyo haikuonekana kuwa ni kuondoka.

Sasa ile sheria ya 1882. Iliingia Kenya pamoja na sheria nyingine za Kiingereza za zama hizo na ikabaki baada ya bendera kubadilishwa. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kwamba inawahusu Wakenya, na kwa miongo iliyofuata wanandoa waliogombea nyumba na mashamba waligawiwa kwa kifungu kilichoandikwa London kwa ajili ya wake wa karne ya 19. Kifungu hicho kiliuliza nani ana jina kwenye hati au nani alichangia ununuzi. Kupika, kulea na kupalilia vilipata shida kuhesabika. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Ndoa yake ya 1971, na 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikatamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwani mahakama iliona ameshatapanya fedha alizopewa na mumewe, lakini kesi yake inatajwa hadi leo. Kenya iliizika sheria ya Victoria kwa kuitaja jina katika Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, ambayo inahesabu kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba hilo halimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja; kila upande uthibitishe ulichochangia.

Mpeleke Nora mbele ya mahakama hiyo. Anaondoka bila kudai chochote: anarudisha pete na funguo, na anamwambia Torvald kwamba, kwa alivyosikia, mke akitoka nyumbani namna ile sheria inamwondolea mume kila wajibu juu yake. Angetaka kudai, kesi anayo nzuri kuliko wake wengi. Miaka minane ya ndoa, watoto watatu, na mkopo uliookoa maisha ya mume ambaye sasa ni meneja wa benki, ukalipwa kidogo kidogo kutokana na pesa za nguo zake na vibarua vya usiku. Ushahidi ni ile hati ya deni ya kroner 4,800, ambayo Krogstad aliirudisha kwenye bahasha. Torvald, kwa furaha ya kuokoka, ameichana na kuitupa motoni.